Kuku Wasiokuwa na Majina

Bwana Michoro hakupewa jina hilo bure. Mwambie akuchoree mlango, atakuchorea nyumba nzima pamoja na paka aliyelala barazani. Basi dada yake, daktari wa mifugo, alipomwomba amtengenezee programu ya kliniki yake, jamani, kuta za chumba cha kusubiria zilikiona cha moto.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutisha. Dada alitaka akibonyeza jina la mteja aone wanyama wake na siku ya chanjo, basi. Mwaka jana kadi moja ya chanjo ilipotea, na mbwa wa mzee mmoja akafa kwa ugonjwa ambao sindano ingeuzuia. Tangu hapo dada hana raha. Lakini Bwana Michoro hujenga programu kwa vitu, kila kitu na sifa zake na kazi zake, vya chini vikirithi vya juu kama watoto na wazazi. Akabandika makaratasi: Mnyama juu kabisa, chini yake Mbwa, Paka, Ng'ombe, kisha Mbwa naye akazaa Mbwa wa Ulinzi na Mbwa wa Kubembelezwa. Kila mmoja na jina, umri na tabia. Mishale ilivuka mlango ikaelekea chooni.

"Mdogo wangu, itafanya kazi lini?"

"Bado kidogo, dada. Sijamaliza ukoo wa farasi."

"Farasi! Umewahi kuona farasi hapa?"

Yeye alicheka, dada hakucheka. Akamwambia waziwazi: kesho saa sita mchana anakuja muuzaji wa programu iliyo tayari, na akiipenda ataichukua.

"Sikutupi," alisema. "Ila sitazika mbwa mwingine kwa sababu ya michoro."

Maneno yale yalimchoma. Watu baki alikuwa amewaandikia programu kibao, na hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa damu yake.

Kesho yake akawahi, akafungua programu vivyo hivyo ilivyokuwa, nusu nusu, akaketi mapokezi. Wa kwanza kuingia alikuwa mfugaji mmoja, tenga la kuku mkononi.

"Hawa ni wachache tu. Wenzao mia tatu wako bandani, wanapiga chafya."

Bwana Michoro akabonyeza Kuku. Programu ikataka jina la mgonjwa, na bila jina haisogei.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Kuku."

"Yupi? Kaka, mimi watoto wangu wenyewe nawachanganya majina!"

Dada alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Loo, aibu! Miezi yote ile ya kuchora, hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa anaweza kuwa banda zima. Tena hakumuuliza mtu.

Hakubisha. Aliinuka akaanza kubandua makaratasi: farasi kwaheri, mbwa wa kubembelezwa kwaheri. Akabakiza mawili, la Mwenye Mnyama na la Ziara, yaani kila mara mteja anapokuja, maana hayo, haki yake apewe, aliyachora vizuri tangu siku ya kwanza. Katikati akaandika kwa kalamu nene: Mgonjwa, awe mmoja au kundi. Kisha akarudi kwenye kompyuta, na kila alipokwama, badala ya kukimbilia ukutani, alimgeukia mfugaji.

"Ukirudi hapa, daktari aone nini kwanza?"

"Chanjo ya lini."

"Na wakifa wawili?"

"Punguza idadi, usinifutie banda langu!"

Kabla ya saa sita programu ilionyesha: banda la kuku, mia tatu, chanjo Ijumaa. Haikuwa na sura ya kuvutia, vitufe vimekaa upogo. Dada akabonyeza jina la mfugaji, akasoma. Akabonyeza tena, kama asiyeamini.

Muuzaji akaingia na mkoba wake, tabasamu mpaka masikioni.

"Samahani sana kwa usumbufu, ndugu yangu," dada akamwambia. "Nina fundi wangu."

Bwana Michoro akainamia kibodi akijifanya hakusikia. Miaka yote dada alimtambulisha kwa watu kama mdogo wake anayechezea kompyuta. Machozi yakamlenga, na mfugaji, kwa uungwana, akalisogeza tenga mbali akidhani ni vumbi la kuku.