Feri Mbili Hadi kwa Binti Yangu

Mimi ni mtu wa mipango. Hapa Nyeri nakodisha mahema na viti, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna harusi wala mazishi niliyoyashika mimi yakaharibika. Nimefikisha viti Kiriaini siku ambayo barabara ilikuwa tope tupu, na wenye sherehe wakaamka wakanikuta nimeshapanga safu. Kwa hivyo binti yangu aliponiambia kwa simu, wiki moja kabla ya Krismasi, kwamba ana mimba, sikulia wala sikuimba. Nilichukua daftari.

Binti yangu ni mmoja tu, na anaishi kwenye kisiwa kidogo huko Uskoti. Alienda kutunza wazee kwenye makao yao, akampata mwanamume wa hukohuko anayefuga samaki baharini, wakaoana. Mimi nilitaka kitu kimoja: siku ya kujifungua, mama yake awe hapo. Yeye mwenyewe nilimzaa nikiwa peke yangu na nesi aliyenigombeza usiku mzima, na niliapa kwamba mtoto wangu hatapitia hayo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sikutaka aujue akiwa na wageni.

Tarehe sikumwuliza. Kwetu mimba haitangazwi, na siku ndiyo haitajwi kabisa. Alipokuwa na miaka tisa alisimama mlangoni mwa kanisa akawatangazia akina mama kwamba jirani yetu atazaa Jumanne, maana alimsikia akisema. Nilimfinya mkono hadi akapiga kelele. Nikamwambia hayo mambo hayasemwi, tumbo litajisemea lenyewe. Alijifunza vizuri, na mimi nilijisifu kwamba nina mtoto anayesikia.

Basi nilihesabu mwenyewe kwa vidole. Msichana aliye mbali na kwao, nikasema, hawezi kuikalia habari kama hiyo zaidi ya miezi mitatu. Atazaa Juni. Nikaandika: kufika kisiwani mwisho wa Mei.

Mjini kuna mama mwenye saiba, duka la kompyuta, karibu na stendi ambaye hunichapia risiti. Yeye ndiye alinifungulia ratiba za huko kwenye kompyuta, na hapo ndipo nilianza kushtuka. Nilidhani kwenda kisiwani ni kama kivuko cha Likoni: unafika, unaingia, unavuka, unashuka. Kumbe ni ndege hadi London, ndege nyingine, basi la nusu siku hadi bandarini, feri ya mwendo wa saa tano, basi tena kukata kisiwa kikubwa, halafu feri ndogo. Basi la katikati nalo ni la kupigiwa simu jana yake. Usipopiga, haliji. Nilimwuliza mama wa saiba nitaongea na nani ili feri ya pili iningoje kama ya kwanza imechelewa. Alinitazama kama mtu aliyechoka. "Hakuna mtu wa kuongea na yeye," akasema. "Iko na saa yake."

Jumapili feri haitoki kabisa. Hilo sikulikasirikia. Mimi ni Mpresbiteri na mtoto wa Mpresbiteri, na dini yenyewe tuliletewa na Waskoti, kwa hivyo nilisema hawa ni watu wanaomjua Mungu. Dakika tano baadaye tulikuwa tukitafuta mahali nitakapolala usiku wa kwanza pale bandarini, na chumba cha bei nafuu kuliko vyote kilikuwa ndani ya kanisa. Si nyumba ya wageni ya kanisa. Kanisa lenyewe, liliuzwa likawekwa vitanda, na kwenye picha kitanda kikubwa kimetandikwa shuka nyeupe pale mimbari ilipokuwa. Madirisha ya rangi bado yapo. Nikamwambia mama wa saiba aifunge hiyo picha kabla mtu mwingine hajaiona.

Niliposoma idadi ya watu wa kisiwa cha binti yangu niliona wangeenea wote kwenye mahema yangu matatu na viti vibaki. Na kila ukurasa uliofunguka ulikuwa na neno lilelile, upepo. Feri inaweza kufutwa kwa sababu ya upepo. Ndege ndogo inaweza kurudi ilikotoka kwa sababu ya upepo. "Sasa mtu akiwa mgonjwa?" nikauliza. Mama wa saiba alikuwa ameshageukia mteja mwingine. "Si wangoje," akasema.

Kikundi chetu cha wanawake nacho kilinipa kazi. Kwetu mzazi haendewi na mtu mmoja. Tunaenda kundi zima, tumebeba uji na njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, na mizigo ya kuni, tunaingia kwa nyimbo, na mtoto anapitishwa mikono yote. Katibu wetu, mwanamke mnene wa maneno kuliko mwili, aliposikia naenda peke yangu alisimama katikati ya mkutano.

"Ati peke yako? Na ukianguka huko kwa maji, nani atatupigia simu? Wewe ulipeleka kikundi hadi Kenol kuona mtoto ya dada yangu. Sasa yako tukae tu?"

Walitaka kutuma wajumbe sita. Nilitumia nusu saa kueleza viza, na nilipomaliza waliniangalia kama mtu mchoyo. Mwishowe walikubali niwawakilishe, wakanipimia unga wa uji kilo mbili, na katibu akaniamuru nikifika niimbe mwenyewe sauti zote. Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani moyo uliniuma. Sijawahi kumwendea mzazi peke yangu maishani mwangu. Nilihisi kama mtu anayeenda kuiba.

Kila nilipompigia binti yangu kumweleza nilipofikia, alikuwa na jibu moja. "Usinunue tiketi kwanza, mama." Nilidhani ni aibu, au ni mume hataki mama mkwe. Sikumwuliza sababu. Nitasema ukweli: mimi si mtu wa kuuliza, mimi ni mtu wa kuambia. Nikanunua tiketi.

Mapema Machi viza ilikuwa imetoka na daftari limejaa. Jumamosi mchana nilikaa kwenye kochi, nikavaa miwani, nikampigia simu ya video ili nimsomee mpango mzima, basi kwa basi, feri kwa feri. Nilisoma kama dakika kumi. Niliponyanyua macho niliona ukuta nyuma yake si ule ninaoujua wenye picha ya mashua. Ulikuwa ukuta mtupu wa manjano. Na nilisikia magari mengi, kitu ambacho kwao hakipo.

"Hiyo ni nyumba ya nani?"

"Ni chumba wametupa karibu na hospitali. Niko bara, mama."

"Bara unafanya nini?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Mtoto, mama. Imebaki wiki nne na nusu."

Wiki nne na nusu. Nilitazama ule ukurasa ulioandikwa mwisho wa Mei. Kumbe aliponiambia ile Desemba mimba ilikuwa imepita miezi mitano. Alikuwa amengoja tumbo lijisemee, kama nilivyomfundisha. Na mimi nilikuwa nimepanga kufika mtoto akiwa ameshaanza kucheka, tena kwenye kisiwa ambacho mama yake hayupo.

Nilimfokea. Nilisema mbona hukuniambia, mbona umeniacha nikizunguka na feri kama mjinga. Nilimwuliza kwani kisiwani hakuna nesi. Akasema nesi yupo, lakini kule hakuzaliwi watoto. Mwanamke akifika wiki za mwisho anavushwa kwenda bara, angoje huko, maana upepo hauna adabu.

"Kwani hao watu wa kisiwani hutoka wapi, kama hakuna anayezaliwa huko?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Wengine hutolewa wakibakisha wiki mbili," akasema. "Mimi niliomba nitoke mapema. Wakakubali, kwa sababu ya yule mwingine."

"Yule mwingine nani?"

Aliweka simu chini nikaona dari. Nilisikia akipenga kamasi. Aliporudi aliongea polepole, kama anayesoma kitu alichokuwa amekiandika zamani.

Mwaka juzi alikuwa na mimba ya miezi sita na siku kadhaa. Hakuniambia, alikuwa bado amevaa makoti makubwa na anangoja. Uchungu ulimshika nyumbani, kukiwa na upepo wa siku tatu. Feri hakuna. Helikopta ilijaribu kutua mara mbili ikashindwa ikarudi. Nesi wa kisiwani alifika kwa miguu kwa sababu mlango wa gari lake ulikuwa umeng'olewa na upepo. Mtoto alizaliwa kwenye kitanda chao, msichana, akaishi saa moja. Upepo ulitulia siku iliyofuata.

Nilivua miwani. Aliponitajia mwezi niliikumbuka wiki yenyewe. Alikuwa hajapiga simu Jumapili mbili, na mimi nikampigia nikamkaripia. Nilimwambia amekuwa Mzungu, amesahau kwao. Aliniambia ana mafua. Nikamwambia anywe maji ya ndimu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza kwa nini sikukuambia kwanza kwamba mimba iko," akasema. "Halafu sikujua naanzia wapi. Kusema amekufa ni lazima kwanza niseme alikuwako."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Nilitaka kumwambia pole na mdomo haukufunguka, mimi ambaye nimesimama kwenye mazishi ya watu nikiwapa wafiwa pole hadi nikachoka.

Kisha akasema, "Kuna kitu kingine, mama. Walihitaji jina la kuandika."

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Mimi ningengoja wa pili, na sikuwa na neno, ndiyo zamu. Lakini mume wake alimwambia kwao hakuna zamu, achague jina analolitaka. Akachagua langu. Majina yangu yote mawili, la ubatizo na la nyumbani. Alimsimamia mchonga jiwe la kaburi, akasema, kuhakikisha hakosei hata herufi moja.

Mtoto akipewa jina lako hapa kwetu, watu hukupongeza sokoni. Wanakuambia umezaliwa. Basi mimi nilikuwa nimezaliwa kule kisiwani, nikaishi saa moja, nikazikwa kwenye upepo, na wiki hiyohiyo nilikuwa Karatina nikigombana na mtu kwa sababu ya viti vilivyovunjika. Hakuna aliyenipongeza. Hakuna aliyenipa pole. Nilishika kifua changu mwenyewe kuona kama kinapiga.

Kisha nilimwuliza kitu ambacho sijawahi kumwuliza mwanamke yeyote mwenye mimba.

"Ni siku gani?"

"Mama."

"Niambie siku. Itaje."

Akaitaja, tarehe na mwezi, kama daktari alivyomwandikia. Nikarudia kwa sauti. Nilimwambia Jumatatu nitabadilisha ndege, nitafika hapo bara wiki mbili kabla, na kama hicho chumba ni kidogo nitalala sakafuni. Alisema sawa. Nikamwambia sasa hizo feri tuziache, hakuna haja tena ya kwenda kisiwani.

"Iko haja," akasema. "Mtoto akifika salama, tutavuka naye sote. Nataka umwone dada yake. Tangu azikwe hakuna mtu wa kwetu amesimama hapo ila mimi."

Nikasema tutavuka. Nikasema hata kama ni kungoja upepo wiki nzima, tutangoja. Yeye akatazama pembeni na mimi nikamtazama yeye, jinsi uso wake umekonda na sikuwa nimeona. Kulikuwa na swali moja lililobaki. Niliogopa jibu lake lolote, lakini nilikuwa nimemaliza kunyamaza.

"Alilia?"

"Nani?"

"Huyo mtoto. Alipotoka, alilia?"

Nilisikia gari likipita chini ya dirisha lake, na lingine.

"Mara moja, mama," akasema. "Halafu akanitazama."