Ufunguo Uliochongwa Bila Kuona Mlango

Mjomba wangu ni fundi wa funguo, na kwa miaka thelathini alikuwa na sharti moja lililowaudhi wateja: hachongi ufunguo bila kuona mlango wake. Uje kwa upole, uje unalia, atafunga kibanda, abebe mkoba wake wa tupa na kukufuata hadi kwako. Siku moja alimtembeza mwenye duka la dawa kwenye mvua, kwenda kukagua kitasa alichokiweka mjomba mwenyewe. Watu walimcheka, lakini walilala usingizi.

Kisha akaja yule kijana. Tulimwita Mtanashati, na simsingizii: alikuwa mzuri hadi unasahau ulichotaka kusema. Alipanga chumba nyuma ya kibanda. Kila asubuhi shati limepigwa pasi, na akimwona mjomba anainama kidogo, "Shikamoo, baba." Mjomba hana mtoto. Neno hilo lilimlainisha mzee wa watu. Nami nisijifanye malaika: nilianza kumpelekea mjomba chakula cha mchana mapema, tena baada ya kujikwatua.

Mama yangu ni mshonaji. Cherehani zake mbili zilikaa chumba cha mbele, na ndizo zilizotulisha. Mtanashati alimletea suruali ya kupunguza, akaomba maji ya kunywa, na mama akaenda jikoni kwa furaha, ufunguo wa mlango akauacha mezani. Hilo tulikuja kulijua maji yakiwa yameshamwagika.

Jumanne alikuja kibandani na kipande cha sabuni chenye alama ya ufunguo. Alisema ni wa mama yake, mgonjwa, yuko mbali, na ndugu ndiye aliyemtumia alama hiyo. Mjomba akaigeuza juani.

"Meno haya kama nayajua."

"Fundi kama wewe, baba, meno gani usiyoyajua?"

Mjomba akacheka, lakini tupa hakuishika. "Mlango sijauona, mwanangu."

Hapo mwenye akili angenyamaza. Mimi nikadakia, "Mjomba nawe! Mchongee tu, huyu si mgeni."

Mtanashati akanitazama kwa macho yake yale. Hadi leo nikiyakumbuka nataka kutema mate. Mjomba akatuangalia wote wawili, akatabasamu, akashika tupa.

Alhamisi mchana mimi na mama tulikwenda hospitali kumwona jirani aliyelazwa. Tuliporudi, mlango ulikuwa mzima na umefungwa vizuri, ndani hakuna cherehani hata moja. Vitambaa vya wateja navyo vimekwenda. Tukakimbilia chumba cha Mtanashati, tukakikuta kitupu, kimefagiwa. Hata kufagia alifagia, mshenzi yule! Majirani ambao juzi walikuwa wakimwita mkwe sasa wakakumbuka methali: mzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ahsanteni sana, mngeikumbuka Jumanne.

Mjomba alikuja kwa mama bila kuitwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaeleza habari ya sabuni na tupa.

"Nilichonga mimi, dada. Kitasa hiki nilikiweka kwa mikono yangu, na meno yake sikuyatambua."

Nilingoja anitaje. Hakunitaja.

Mama hakupiga kelele. Kesho yake alimleta fundi mwingine, kutoka upande wa pili wa soko, abadilishe kitasa. Mjomba akapita, akasimama kumtazama yule mtu akitoboa ubao ovyo.

"Dada, niache nimsaidie."

"Wewe ni ndugu yangu, tumbo moja," mama akasema. "Lakini mlango wangu usiuguse tena. Umempa mtu wa barabarani kazi yangu yote, kwa sababu ya meno meupe."

Mjomba akainamisha kichwa. Mama akanigeukia mimi, machozi yakimlengalenga, akitafuta wa kumuunga mkono.

"Au nakosea, mwanangu?"

Mjomba naye akainua uso, akanitazama. Hakukasirika, hakuniomba kitu. Alingoja tu.

"Hukosei, mama," nikasema.