Nishani ya Mama Mbwana

Harufu ya ndimu na jivu hainipi raha hata leo. Wajukuu wangu wakianza kusugua masufuria ya sikukuu, mimi huchukua mkeka wangu nikakae uani, nao husema bibi anakwepa kazi. Waache waseme. Ukweli wenyewe nawaambieni ninyi.

Kwa jivu na ndimu ndivyo babu yangu alivyosafisha nishani za Mjerumani. Alikuwa askari wao katika vita vile vikubwa, na enzi ya Mwingereza ilimkuta analima maharage na viazi kilimani juu ya Lushoto. Lakini Wazungu waliokuja mjini kupumzika kwenye baridi yetu walizipenda mno nishani zile, na mafundi wa huko Tanga na Korogwe walipolijua hilo wakaanza kufua za bandia. Basi kila mwenye nishani aliileta kwanza kwa babu, aseme ni ya kweli au la. Bibi alikuwa akimcheka: "Barua ya Kiswahili anasomewa, herufi za Kijerumani anazijua."

Na alizijua kweli. Alikuwa na kioo kimoja cha miwani iliyovunjika, akikuzia maandishi. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu alinifundisha mimi, nami nilikuwa na miaka tisa hivi. Msalaba wa nishani usiutazame sura, alisema, sura kila fundi anaiga. Tazama pete yake ya juu. Hapo fundi wa Ulaya alipiga mhuri wake, herufi mbili tatu ndogo kama mayai ya chawa, zimezama sawasawa na kingo zake kali. Mwongo huchora kwa msumari, na ukipitisha ukucha utaisikia mikwaruzo. Kisha geuza ubavuni: wa kweli ni chuma cheusi kilichobanwa na fedha, na sumaku huushika. Nilijifunza upesi, na kiburi kikaniota upesi vilevile.

Asubuhi moja ya kipupwe alifika mama mmoja kutoka Mlola, kanga yake imelowa ukungu wa njiani. Aliitwa Mama Mbwana. Mbwana, mwanawe wa pekee, alichukuliwa wakati wa vita na hakurudi. Vita vilipokwisha mtu mmoja alimletea msalaba, akamwambia mwanao alikuwa shujaa, amekufa na amezikwa. Mama wa watu akalia, akakaa matanga, na tangu hapo kila mwaka alimsomea hitima na majirani wakala ubwabwa wake. Sasa sokoni Mlola walikuwepo waliomcheka kwamba anatunza kipande cha bati.

"Nataka kujua tu, kaka yangu," alisema baada ya zile salamu zetu ndefu za Kishambaa. "Nisije nikafa na aibu."

Babu aliupokea msalaba ungali kwenye kitambaa. Akafunua ncha moja tu, akaufunika tena.

"Ni wa kweli, dada," akasema, akamrudishia.

Hakuchukua kioo, wala pete hakuigusa. Nikadhani uzee umemsahaulisha. Nami nilitaka sana mgeni ajue kwamba babu ana mwanafunzi. Nikauchukua msalaba mkononi mwa yule mama, nikapitisha ukucha, nikasema kwa sauti ya kusoma darasani: "Babu, huu hauna mhuri. Umechorwa kwa msumari. Na ubavuni hauna chuma."

Bibi alinishika sikio, lakini maneno yalishatoka. Mama Mbwana hakulia. Uso wake ulifunguka, akacheka taratibu, na kicheko kile kilinitisha kuliko kilio.

"Kumbe yule mtu alinidanganya," akasema. "Basi Mbwana wangu yu hai."

Babu akasimama. "Dada, amekufa. Alikuwa mpagazi katika msafara wetu. Alianguka na mzigo, akapigwa ainuke, hakuinuka. Nilimfukia mwenyewe, kwa mikono hii."

"Mbona miaka yote hii hukuniambia?"

Babu akauchukua msalaba mkononi mwangu, akauweka mkekani.

"Sasa hivi umesema ni wa kweli, kumbe wa uongo," yule mama akasema kwa upole, kama anamtuliza mgonjwa. "Hili nalo nitalishikaje, kaka yangu?"

Akaaga kwa heshima zote. Msalaba aliuacha mkekani.

Mwaka ule hakusoma hitima. Babu alimfuata Mlola mara mbili, na mara zote mbili alikuta mlango umefungwa. Tukasikia ameanza kuteremka Mombo, kwenye stesheni ya gari moshi, kutazama nyuso za wanaoshuka. Watu wetu wa milimani waliogopa kulala nyikani kwa sababu ya homa, lakini yeye alilala huko siku mbili, siku tatu, kisha akipanda mlima huweka sahani moja ya ziada jioni. Masika ya pili homa ikamchukua palepale stesheni. Wakamzika watu wasiomjua, mbali na kwao.

Tangu hapo babu hakukagua nishani ya mtu tena. Nami sikuchapwa, ila bibi aliniambia, "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," nikadhani ananikanya utovu wa adabu tu.

Nilikuwa nimeshaolewa babu alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho. Ndipo aliponieleza kwa nini siku ile hakuhitaji kioo. Msalaba ule aliufulisha yeye kwa fundi, na pete akaichora mwenyewe, akamtuma mtu aupeleke Mlola ili mama alie na ayamalize. Hakuwa na uso wa kuupeleka mwenyewe, maana mwenye kiboko siku Mbwana alipoanguka alikuwa yeye.

Mhuri hukuambia nani alitengeneza nishani. Haukuambii kama mtu amekufa, na mimi kwa miaka yangu tisa nilidhani unasema kila kitu. Nilimpenda babu, na nilimchukia, na hadi leo sijui nimwombee vipi.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani nasoma hitima ya watatu. Babu naanza naye, nimalizane naye. Nikifika kwa Mbwana naomba radhi kwamba nilimfufua, na nikifika kwa mama yake huwaachia wajukuu wamalizie.