Gigahertz Zilizoniaibisha Ukweni

Hii aibu nimeibeba tangu Agosti, na kwa vile mke wangu akikasirika anaitaja mbele ya wageni, heri niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwake.

Mimi ni karani hapa mjini Wote, kazi yangu ni kupiga chapa barua, lakini ukweni kule Matinyani wanaamini najua kila kitu chenye waya (na sijawahi kuwasahihisha). Basi mama mkwe alipostaafu ualimu, familia ikaamua kumpa laptop siku ya shukrani kanisani, na laptop hiyo hiyo ionyeshe picha zake ukutani kwa projekta na pia impigie Kioko, kifungua mimba wake, ambaye yuko Canada na hawajaonana miaka sita. Wa kuinunua nikateuliwa mimi.

Nikaenda kwa Halima, ambaye familia yao ilitoka Garissa ikafungua duka la kompyuta karibu na soko. Akaniwekea mbili mezani, moja ya gigahertz 3.2, nyingine 2.1, na mimi nikaikamata ile ya 3.2 kabla hajamaliza kuipangusa vumbi.

“Bosi, usiangalie hiyo namba ya mwendo peke yake,” akasema. “Prosesa ya hiyo ni ya zamani na ina cores mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi. Hii ya 2.1 ni ya juzi, ina sita, na kila hatua inayopiga inamaliza kazi nyingi zaidi.”

Nikamuuliza kwani kati ya tatu na mbili kubwa ni ipi.

“Chukua punda wawili wanaokimbia, kila mmoja na mtungi mmoja. Halafu punda sita wanatembea, kila mmoja na mitungi minne. Tangi la nani litajaa kwanza?”

“Dada, sikuja kununua punda,” nikamwambia, na wateja wawili wakacheka, na hicho kicheko ndicho kilichoniponza, kwa sababu alipotaka tuzijaribu zote, video na picha na simu kwa pamoja, nilishindwa kurudi nyuma. Nikafungua barua moja, ikafunguka haraka, nikalipa nikaondoka. Nyumbani nikaijaza picha na video zote za simu yangu bila kuzichambua.

Jumapili kanisa likajaa. Picha zikaanza vizuri, kisha nikampigia Kioko, uso wake ukatokea ukutani kando ya picha, na mama mkwe akainuka, akaenda mpaka pale, akaweka mkono kwenye shavu la mwanawe.

“Mama, nime—” akasema Kioko, na hapo feni ya laptop ikaanza kulia kama posho mill inayosaga mahindi na Kioko akaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumbwa.

Nikabonyeza. Wapi! Nikabonyeza tena, na tena, labda mara thelathini.

“Wapendwa,” akasema pasta, “tukisubiri, tuiombee hii mashine.”

Wakafumba macho, mimi nikaendelea kubonyeza. Kabla ya amina ikazinduka na kutii mibonyezo yote kwa mkupuo: harusi, mbuzi, mazishi, harusi tena, halafu video yangu nikiwa jikoni na fulana ya ndani, nimeshika mwiko kama maikrofoni, nikifanya mazoezi ya hotuba. “Kama mnavyojua, katika familia hii, akili ya mitambo Mungu aliiweka kwangu.” Nilikuwa nimeirudia mara tatu ili sauti ikae sawa. Shemeji akachomoa waya wa projekta, picha ikazimika, lakini spika zikaendelea kunisifu.

Kicheko ningekivumilia. Ila mama mkwe alikuwa bado amesimama mkono ukutani, na simu imekatika. “Alikuwa anasema nini?” akauliza. Mke wangu akampigia Kioko kwa simu yake ndogo, akampa mama, naye akasikiliza, kisha akakaa polepole. “Amekata tiketi,” akasema. “Anakuja Desemba.” Habari hiyo angeipata akimtazama mwanawe usoni, na mimi ndiye niliyemnyima.

Jumanne akaja Wote mwenyewe, tukaenda kwa Halima (niliomba kubaki nje, akakataa). Alikuwa mwalimu wa hesabu. Akauliza prosesa ni ya mwaka gani, ina cores ngapi, ikipata moto inapunguza mwendo kiasi gani, kisha kwenye ile ya 2.1 akafungua video, picha na simu kwa pamoja, akakaa nazo nusu saa. Halima akamsimulia habari ya punda, kisha akakubali kutubadilishia.

Tulipotoka, mama mkwe akasema, “Mutiso, kutojua si dhambi. Lakini ulimcheka anayejua.”

“Ndiyo, Mama,” nikasema nikiangalia viatu vyangu.

Siku hizi nikiulizwa jambo nisilolijua nasema sijui. Mara ya kwanza neno hilo nililinong'ona, lakini sasa nalitamka vizuri.