Mama Alitaka Kuona Kitanda cha Frateri

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu mambo. Admin, jina usiweke, na shule pia. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tano, mama yangu ana duka la mashuka na mapazia Kariakoo. Sio muongeaji kabisa. Wageni wakija nyumbani, nikishaamkia naingia jikoni sitoki. Kwa hiyo haya ninayoandika hakuna mtu ameyasikia mdomoni kwangu.

Kaka yangu anasomea upadre Roma. Ndivyo wanavyojua watu wote, kuanzia hapa mpaka kwetu Kilimanjaro. Tangu aingie seminari mama hajamwita tena kwa jina, ni Frateri, na mimi nikazoea hivyo hivyo. Likizo iliyopita parokia iliandaa hija ya huko Roma, mama akaenda na mimi kwa sababu ya Kiingereza changu. Siku ya mwisho kiongozi wa msafara alituachia tutembee wenyewe, Frateri akaja kutuchukua hotelini, kavaa shati la kipadre. Mama alikuwa na haja moja tu. Alibeba shuka jipya kutoka dukani, alitaka atandike kitanda cha mwanae kwa mikono yake, aone anapolala huko chuoni, basi.

Frateri akasema sawa, ila tuanzie Koloseo kwa kuwa iko njiani. Tukazunguka. Mama akauliza jumba lote hili mbona limebomoka, waliishiwa saruji? Tukacheka, yeye akacheka kupita wote. Halafu kanisa moja, kanisa lingine, ile chemchemi watu wanayotupia sarafu, daraja lenye malaika wa mawe. Kila mama akiuliza chuoni tunaenda saa ngapi, anaambiwa bado kitu kimoja tu, hapo mbele. Mama magoti yanamsumbua, alikuwa anatembea kwa kushika kuta. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya kaka. Ilikuwa imebabuka, ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu anayeshinda kwenye maji. Nikajiambia labda ni baridi ya huku, na siku hiyo lilikuwa joto la kufa mtu.

Tumekaa kwenye ngazi za kanisa tupumzike, akapita kijana mmoja mgeni kama sisi, akamwita kaka kwa jina lake. Wakaongea Kiingereza. Alimwambia bosi wa mgahawa kakasirika, vyombo vya jana vimelala vichafu, na leo akichelewa tena asirudi kazini. Kisha akamtania, hilo shati la padri kaazima wapi. Akaondoka anacheka.

Mama akauliza yule anasemaje.

"Ananikumbusha Misa ya jioni, mama."

Mama akanigeukia mimi. "Eti mwanangu, ndivyo alivyosema? Wewe si unakisikia hicho Kiingereza."

Kaka alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikasema ndiyo, mama.

Mama akainuka taratibu. Akasema kama ni Misa basi asimcheleweshe, kitanda ataletewa picha. Akamkabidhi lile shuka pale pale kwenye ngazi, akambusu mikono. Ile mikono. Kisha akaingia kanisani kuwasha mshumaa, tukabaki wawili.

"Nilitoka seminari mwaka jana, mdogo wangu," kaka akaniambia. "Hawakunifukuza, nilitoka mwenyewe. Kila nikipiga simu nimwambie, anaanza na Tumsifu Yesu Kristo, Frateri. Naishiwa nguvu."

Nikamwambia mama yuko hapo ndani, amfuate sasa hivi. Akasema leo mama kafurahi, nimwachie mwezi mmoja atamwambia mwenyewe, nimuapie kwamba sitasema. Nikamuapia.

Mwezi umepita, na mwingine. Ujumbe wangu anausoma, hajibu. Kwa mama anapiga kila Jumapili, anacheka naye vizuri tu. Huku nyumbani kamati ya sherehe ya ushemasi wake, ile daraja ya kabla ya upadre, imeanza vikao, wajomba wameshatenga ng'ombe, na juzi mama kaleta sampuli ya kitenge chenye sura ya kaka, sare ya ukoo mzima. Kanipima begani, kanizungusha, kalia kidogo.

Jana mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani kamwomba mama aisimulie hija Jumamosi, watu wasikie Frateri anavyoishi, na wakishasikia ndipo oda ya kitenge inakwenda kiwandani. Mama kasema yeye hajui kupanga maneno, nitasimama mimi. Nikamwambia naogopa watu. Akanishika shavu. "Utasema ulichokiona tu, mwanangu. Si ulikuwepo?"

Nikisema nilichokiona, namvunja mama mbele ya jumuiya nzima, na kaka sijui kama atanisamehe. Nikimwambia leo chumbani, nitakuwa nimevunja kiapo, na atauliza kwa nini pale kwenye ngazi nilisema ndiyo. Nikinyamaza, watu wataushona uongo wangu na kuuvaa.

Jumamosi ni keshokutwa. Hapa mama ananiita nikafanye mazoezi ya kuongea. Nyie mliokwishakuwa wakubwa, niambieni, nikisimama nianze na lipi?