Mkono Chuma na Bei ya Shemeji

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, Mkono Chuma alikuwa anafungua simu kuangalia shemeji yake anafanya kazi gani. Si kwa mapenzi, usinielewe vibaya. Alikuwa kama mtu mwenye jino bovu: linauma, na ulimi haukomi kurudi palepale. Alishazima mambo ya kuonekana, ili shemeji asijue nani anatazama stetasi zake. Na stetasi ya leo ilikuwa ya kumuua mtu. Shemeji kasimama kwenye ukumbi wa hoteli, kofia kichwani, kidole hewani, watu wanne wanamsubiri aseme. Chini kaandika neno moja tu: "Kazini."

Mkono Chuma akaikuza ile picha, akaikuza tena, mpaka akaweza kusoma maandishi kwenye lenzi ya kamera iliyokuwa kando ya shemeji.

"Ya kukodi hiyo," akasema peke yake.

"Nani kakodi nini?" mkewe akauliza kutoka kwenye cherehani.

"Hamna kitu."

"Ni mdogo wangu tena. Baba watoto, utapata presha kwa riziki za wenzio."

Mji mzima walimwita yule shemeji Dairekta, na hapo ndipo palipomkereketa. Kwani aliyemfundisha kushika kamera ni nani? Miaka sita nyuma alikuja hajui hata kukunja stendi, anatembea na begi la nyaya kama mtu anayehama nyumba. Aliyemwambia "kaza viwiko, pumua polepole, pumzi yako inaonekana kwenye video" ni nani? Leo mwanafunzi ni Dairekta, na mwalimu bado ni Mkono Chuma. Jina lenyewe alipewa na wenzake wa kazi, kwa sababu mkono wake haujui kutetemeka. Anashika kamera tangu bibi harusi anaingia mpaka anatoka, na picha imetulia kama imepigiliwa misumari ukutani. Hilo hakuna anayembishia. Ila mkono wa chuma haujazi friji.

Tuseme ukweli. Kwenye kutafuta wateja, jamaa alikuwa mvivu anayejiita mwenye heshima zake. Kadi yake kaibandika kwenye kioo cha duka la kutoa kopi, katikati ya tangazo la chumba cha kupanga na tangazo la paka aliyepotea. "Video za shughuli zote. Bei: maelewano." Na katika hayo maelewano, anayeelewa siku zote ni yeye. Mteja anapiga simu, "Fundi, bei gani?" Yeye anajibu, "Kwani wewe una ngapi?" Basi, kazi imeshakwisha hapo. Mtu ukimuuliza ana ngapi atakutajia hela ya nauli, na ukikubali atakuomba umpunguzie.

Dairekta alikuwa anaingia kwenye ofisi za watu bila kuitwa, tableti mkononi, anaomba dakika tatu. Akifukuzwa anacheka, anasema asante, halafu mwezi unaofuata anarudi na viatu vingine. Mkono Chuma aliita hiyo kukosa haya. Usiku na mchana aliita hivyo, na shemeji naye usiku na mchana akawa anapata kazi.

Jumatatu hiyo simu ya Mkono Chuma ikaita. Mama mwenye kiwanda cha magodoro. Alikuwa ameona video ya harusi ya mpwa wake, akapenda jinsi ilivyotulia.

"Njoo uone mahali," akasema.

Akaenda. Kiwanda kilikuwa na vipande vya sponji virefu kuliko milango, harufu ya gundi inayokaba koo, na wafanyakazi wenye vumbi la sponji mpaka kwenye kope, utadhani wamezeeka tangu asubuhi. Mwenyewe Mama Magodoro alikuwa hapiti penye godoro bila kulikandamiza kwa kiwiko, kama anayesalimia mtu.

"Watu wanasema tunajaza matambara," akamwambia. "Nataka video fupi kumi na mbili, moja kila mwezi. Mtu aone ndani ya godoro kwa macho yake. Ijumaa niletee bei kwenye karatasi."

"Hamna shida, mama. Tunaanza lini?"

"Taratibu. Nimemwita na mwenzio mmoja, binti anaitwa Dairekta. Mnajuana?"

"Namsikiasikia," akasema Mkono Chuma. Mtu ambaye Jumapili wametoka kula naye meza moja!

Kazi ya mwaka mzima. Hajawahi kuipata. Angeiteremsha ile kadi kwenye kioo, amwachie paka nafasi. Lakini sitakudanganya: kilichomnyima usingizi hakikuwa kazi yenyewe, kilikuwa ni kuwaza Dairekta anaipata. Aliiona hadi stetasi yake: kofia, kidole hewani, magodoro nyuma. "Kazini."

Alikuwa ameshaandika bei yake, laki tatu kwa kila video. Bei nzuri tu, ya mtu mzima. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Ikaanza kumwasha. Yule ataandika ngapi?

Jumatano mchana akanunua laini mpya, akaitia kwenye simu yake ya zamani yenye ufa, akajifungia chumbani.

"Habari," akaandika. "Mimi nina karakana ya matairi. Nataka video fupi kumi na mbili. Bei gani?"

Jibu likaja hata hajakaa vizuri. "Salama, karibu sana bosi wangu. Nani atazitazama? Na ungependa akishatazama afanye nini?"

Maswali ya nini sasa? Taja bei, mwanamke! Akaandika, "Wenye magari. Waje dukani."

"Wakija, swali gani wanakuuliza sana?"

Mkono Chuma, ambaye hajauza tairi hata la toroli, akaanza kuwaza kweli. "Wanauliza kama ni mapya au yamepakwa rangi," akaandika. Halafu akakasirika, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Yeye kule kiwandani aliuliza moja tu, tunaanza lini.

Akaona amkamate vizuri, asije akataja bei ya juujuu halafu akaongeza vingine baadaye. Akaandika kwa mkupuo: "Hiyo bei iwe pamoja na kusawazisha rangi za video. Sauti unanasa kwa maiki ya kubana shatini au ya mkono? Na video mbichi unaniachia?"

Jibu likachelewa. Dakika moja, ya pili. Mkono Chuma akautazama ule ufa wa simu mpaka akauzoea.

"Bosi unajua mambo," Dairekta akaandika hatimaye. "Vyote vimo. Laki tano kwa video moja. Nusu naipokea kabla sijawasha kamera."

Laki tano! Akasimama. Akakaa. Akasimama tena, na alipogeuka akamkuta mkewe mlangoni na futi kamba shingoni.

"Laini ya nani hiyo?"

"Ipi?"

"Hiyo unayoificha nyuma kama mtoto aliyeiba sukari." Akaichukua, akatazama namba, na sura ikambadilika. "Hii namba naijua. Ya mdogo wangu hii! Unamwandikia mdogo wangu kwa laini ya siri?"

Njia zilikuwa mbili, na zote za aibu: kuonekana malaya au kuonekana mpelelezi wa bei. "Soma," akasema kwa unyonge.

Mkewe akasoma. Alipofika kwenye matairi akaegemea ukuta. "Karakana ya matairi! Wewe? Wewe ambaye pancha ya baiskeli ya mtoto uliipeleka kwa fundi?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ile futi kamba. Kisha akatulia. "Haya, bei yake umeijua. Na wewe panda."

"Nipande? Nikipanda atachukua yeye. Nashuka."

"Unashukia wapi, baba watoto? Chini yako kuna nini tena?"

Hakumsikia. Mtu mwenye kijicho masikio yake yako nyumba ya jirani. Laki tatu ikawa mbili na nusu. Alhamisi Dairekta akaweka stetasi yuko na wazungumzaji wa mkutano fulani, wamevaa vitambulisho shingoni, ikawa mbili. Ijumaa asubuhi Dairekta akaweka picha ya kikombe cha kahawa tu, kikombe kitupu wala hakina neno, na Mkono Chuma akaenda kwenye duka la kutoa kopi, akasema, "Nichapie upya. Andika laki moja na nusu."

"Ndogo sana hii, kaka," akasema mwenye duka.

"Wewe chapa."

Kule kiwandani Mama Magodoro akaziweka karatasi mezani, ya Mkono Chuma kushoto, za Dairekta kulia. Za kulia zilikuwa tatu. Akavaa miwani, akasoma ya Mkono Chuma mara mbili, ingawa ilikuwa na mistari minne tu.

"Mwanangu," akasema, "nauza magodoro mwaka wa ishirini na mbili huu. Nikikuta godoro sokoni kwa bei kama hii, silikalii. Nachukua kisu, nalichana, nione wamejaza nini." Akavua miwani. "Sasa niambie mwenyewe. Humu umejaza nini?"

"Mama, mkono wangu unaujua—"

"Naujua. Ndio ulionifanya nikupigie. Mwenzio yuko juu, si uongo. Ungeniletea laki tatu, hata tatu na nusu, tusingezungumza mengi. Lakini kwa hii, mwezi wa tatu utaanza kunikwepa, wa nne hupokei simu. Utakula nini?"

Laki tatu. Ile karatasi ya kwanza bado ilikuwa mfukoni mwa suruali, imekunjwa mara nne. Aliipapasa akiwa palepale, na hakuweza kuitoa. Ungeitoaje? Useme nini?

"Yule binti," Mama Magodoro akaongeza, akigonga karatasi ya tatu kwa kidole, "aliingia mle ndani akawauliza vijana wangu wateja wanaogopa nini. Kaandika majibu yao yote. Kazi nimempa yeye."

Jumapili Dairekta akaja nyumbani kwao bila kofia, akamkumbatia dada yake, akavuta kiti.

"Shemeji, matairi yanatoka?"

Chai ikamwendea Mkono Chuma njia siyo. Alipomaliza kukohoa akamtolea mkewe macho. "Umemwambia!"

"Sijasema neno," mkewe akajibu toka kwenye cherehani. "Nimejizuia mpaka mbavu zinauma."

"Dada hajasema," Dairekta akasema. "Ulijisema mwenyewe. Tangu uanze kazi hii, mteja gani aliwahi kukuuliza habari za kusawazisha rangi? Mteja ana mawili tu, bei gani na lini. Nilipoona maiki ya kubana shatini, nikasema huyu ni mwalimu wangu, hana tairi hata moja."

"Ndiyo maana ukanipa bei ya uongo."

"Nilikupa ya kweli! Ileile niliyoandika kiwandani. Nilitaka upande, shemeji." Sauti yake ikapanda kidogo. "Unajua ninavyopata tabu na wewe? Kila ofisi ninayoingia wananitupia bei yako usoni. 'Mbona shemeji yako anafanya kwa hela ya nauli?' Nikaona basi nimwonyeshe, aone, asogee juu kidogo, na mimi nipumue. Kumbe mwenzangu unashuka ngazi mbilimbili."

Mkono Chuma akatazama mezani. Alitamani awe amedanganywa. Mtu akikudanganya unapata pa kushika. Huyu hata kumchukia vizuri alimnyima.

"Kilichonileta ni kingine," Dairekta akaendelea. "Kule kuna mashine ya kukata sponji. Ikiwaka, sakafu nzima inatetemeka. Stendi haifai pale, na mkono wangu haufai. Nataka wako."

"Nikubebee kamera."

"Upige. Siku moja kila mwezi, mwaka mzima. Kuhariri juu yangu. Bei gani?"

Akafungua mdomo. "Kwani wewe una—"

Cherehani ikanyamaza. Mkewe hakugeuka, mguu tu ulisimama juu ya pedali. Mkono Chuma akayameza yaliyobaki. Halafu kile kijicho chake chote, cha kofia, cha kidole hewani, cha kikombe cha kahawa, kikapanda kooni kwa pamoja, akaona amtajie bei ya kumkomesha, aruke, aondoke zake.

"Laki mbili na nusu kwa siku."

"Sawa," akasema Dairekta, akaivuta chupa ya chai.

Hakupepesa hata jicho. Bei ambayo Mkono Chuma hajawahi kuitamka mbele ya binadamu, na yule anamimina chai, anauliza sukari iko wapi.

"Sijamaliza," akasema Mkono Chuma. "Na nauli."

"Na nauli, shemeji. Kwani nani anakataa?"

Cherehani ikaanza tena kwa kasi, kama inacheka. Mkono Chuma akabaki anamtazama mwanafunzi wake anavyokoroga chai taratibu, na roho ikaanza kumchoma upya, safari hii pabaya zaidi. Mtu anayekubali upesi namna ile alikuwa amemtengea ngapi?