Aspirini za Titi

Jumatano, 9 Aprili 1975. Mvua asubuhi, halafu jua kali, matope ya njia yakaanza kunuka.

Mke mwenzangu amerudi leo kutoka hospitali ya wilaya. Daktari amemwambia uvimbe wa titi la kushoto umeshafika kwapani. Watamkata, lakini hawaahidi kitu. Anatakiwa Jumatatu. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mimi ni wa darasa la nne tu, labda mambo mengine siyaelewi sawasawa, ila nitaandika yalivyokuwa, na makosa yangu sitayaruka.

Mtu wa kwanza kuonyeshwa ni mimi. Ilikuwa wakati wa palizi mwaka jana, tunaoga mtoni. Alinishika mkono akauweka pale. Kilikuwa kitu kidogo kama punje ya hindi, kigumu.

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Basi achana nacho. Ni maziwa yaliyoganda ulipomwachisha mtoto."

Hayo ni maneno yangu mimi. Nani aliniambia mimi ni daktari?

Hata hivyo zahanati alikwenda, tena mara tatu. Lakini mganga wetu pale alitahiriwa rika moja na baba mkwe wetu, na kwetu Wakurya rika zima la mkwe ni wakwe. Mkwe humtazami usoni, sembuse kumfungulia titi. Na tangu tuhamishiwe kijijini, zahanati ni hiyo moja. Basi alikuwa anasimama mlangoni, macho nje, anasema kichwa kinamuuma. Anapewa aspirini. Mara zote tatu aspirini. Alizileta nyumbani, tukawapa watoto wakiwa na homa.

Mwezi uliopita alikuja muuguzi mgeni, mwenyeji wa Kusini, kupima uzito wa watoto. Akaona mke mwenzangu anambeba mwanawe upande wa kulia tu. Akamvuta pembeni, akamfungua kanga.

"Mama, hiki kina muda gani?"

"Tangu palizi ya mwaka jana."

"Ya mwaka jana! Ng'ombe mnawahesabu kila jioni, matiti mawili tu yanawashinda?"

Wanawake wakacheka. Mke mwenzangu hakucheka. Muuguzi akatuambia kila mwezi, siku zetu zikiisha, tujipapase, na mwenye kukuta kitu aje siku hiyohiyo, kiume kisiume. Kingekatwa kikiwa punje, alisema, akamwandikia mwenzangu barua ya kwenda wilayani.

Leo mchana nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda zahanati, nikampa mganga mgongo kama inavyotakiwa, nikaongea na ukuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Kichwa?"

"Si kichwa! Mwenzangu umempa aspirini mara tatu. Hukuona mtu anasema kichwa huku ameshika kifua?"

Nikasikia kiti kinalia.

"Niliona," akasema. "Nikaona pia ni mke wa mwanangu. Angefungua kanga, ningetorokea dirishani."

"Ungemwandikia barua ya kwenda wilayani. Barua haihitaji kutazama titi."

"Hilo kweli. Sikuliwaza."

Nilitaka abishe. Asipobisha mtu, hasira yako unaipeleka wapi? Na niandike haki yake: mwaka wa surua alikesha na mwanangu siku mbili, mtoto akapona. Tena mimi niliyekwenda kumgombeza kwa ajili ya aibu, sikugeuka hata mara moja. Mpaka sasa sijui kama ningeweza.

"Kuanzia kesho," akasema, "mwanamke akileta kichwa, mke wangu atamuuliza kwanza, nyuma ya pazia."

"Kwa nini kesho? Anza na mimi sasa hivi."

Akamwita mkewe. Yule mama alinipapasa vizuri kote, hadi kwapani, mikono yake ya baridi. Hakukuta kitu. Nilipaswa kushukuru. Nikalia kwa hasira, maana ilichukua muda mfupi kuliko kuchambua kibakuli cha maharage.

Nilimweleza mke mwenzangu yote. Aliposikia la dirisha akacheka mpaka akajishika ubavu. "Apite wapi na tumbo lile?" Halafu akaniuliza, "Jumatatu utanisindikiza?"

"Tutakwenda wote. Na mimi ndiye nitakayemwambia daktari kwamba ulinionyesha mapema."

"Usimwambie. Utalia mbele za watu."

Jioni tumekula ugali wa mtama, mlenda na dagaa. Ugali alisonga yeye, kwa mkono wa kulia, hakukubali nimpokee mwiko.